Ukweni Sumbawanga, na Maiti Wanaoruka

Mtajie Mtanzania yeyote jina la Sumbawanga halafu mtazame usoni. Kabla hujamaliza kulitamka, keshatabasamu. Wa kwanza atakuuliza kama unakwenda kwa basi au kwa ungo. Wa pili atakuonya usithubutu kumkanyaga mtu mguu huko, utapigwa radi mchana kweupe. Wa tatu ana habari za binamu ya rafiki yake aliyelala kitandani vizuri akaamkia uani. Ukiwauliza wote watatu kama wamewahi kufika, jibu ni moja: hapana.

Sasa fikiria, msomaji wangu, umempata mwenzi wako. Mtaratibu, ana kazi yake, simu anaiacha mezani bila wasiwasi. Halafu siku moja anakuambia kwao ni huko huko. Mimi ilinikuta. Tena mwenzangu alikuwa amezoea kukwepa: kila aliyemwuliza kwao ni wapi, alijibu "Mbeya." Ni kweli Mbeya iko njiani, lakini njiani si nyumbani. Ukweli wenyewe aliutoa siku tulipoanza kupanga safari ya kujitambulisha, tena kwa sauti ya mtu anayekiri kuwa na mtoto wa nje. "Kwetu ni Sumbawanga. Majengo."

Mama mkubwa, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, alipopata habari aliweka kijiko chini. "Mwanangu, wanaume wa Dar wameisha?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Usiku huo alinipigia simu mara mbili, na kesho yake akanitumia aya za kusoma kabla ya kulala.

Tukaondoka Juni. Na ninachotaka kukusimulia hapa si uchawi. Ni filamu moja ya zamani ya Kichina, na sebule moja ya Majengo iliyonifundisha mengi kuhusu kuogopa na kucheka kuliko hadithi zote za ungo nilizowahi kusikia.

KILOMITA ELFU NA KITU

Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100. Unapita Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, unafika Tunduma mpakani na Zambia, halafu badala ya kuvuka unakata kuelekea kaskazini magharibi. Kipande hicho cha mwisho, kilomita zaidi ya 200, zamani kilikuwa shughuli pevu: vumbi kiangazi, tope masika, na abiria wakishuka kusukuma. Lami iliwekwa miaka ya 2010, sehemu yake kwa fedha za msaada wa Marekani. Leo unateleza tu.

Baada ya Laela macho yanaanza kushangaa. Uwanda wa Ufipa umekaa juu kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande mmoja na Rukwa upande mwingine, na mji wenyewe uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ni majani na anga, anga na majani. Mashamba ya mahindi, maharage na ulezi yanakwenda mpaka macho yanachoka. Maksai wanavuta mikokoteni bila haraka. Nyuma ya mji kuna milima ya Mbizi, ambako msitu uliobaki bado una mbega wekundu. Na baridi! Mtu wa Temeke kama mimi nilivaa sweta mbili, kitenge juu, na bado nikawa nasikia meno yakigongana.

Majengo usitegemee maajabu. Karibu kila mji wa Afrika Mashariki una Majengo yake, na huu wa Sumbawanga ni ndugu wa hao wengine: nyumba za tofali zilizobanana, maduka yenye vibaraza, cherehani nje, mandazi asubuhi, bodaboda kwenye kona wakibishana Simba na Yanga. Nilitafuta kitu cha kutisha nikakosa. Kilichonitisha kwa kweli ni jinsi mama mkwe alivyonipokea: alichutama kidogo, akapiga makofi taratibu kwa heshima, na mimi niliyejiandaa na "shikamoo mama" peke yake sikujua mikono niiweke wapi. Akacheka, akanishika mkono. "Ingia ndani mwanangu, baridi hiyo."

JINA LENYEWE LINASEMAJE?

Wenyeji watakueleza kwamba kwa Kifipa "sumba" ni tupa, na "wanga" ni uchawi. Hata sisi wa Kiswahili neno hilo tunalo; tunasema mtu anawanga usiku. Kwa hiyo Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi." Jina ni kama kibao kilichowekwa mlangoni: ukiwa na vitu vyako vya ajabu, vitupe kabla hujaingia. Nchi nzima inakisoma kibao hicho kinyumenyume.

Na kutupa kwenyewe hakujawa utani siku zote. Mwaka 1963 na 1964, wakati nchi ndiyo kwanza imepata uhuru, vijana wa harakati iliyoitwa Kamchape walizunguka vijiji vya Ufipa wakiwataka watu watoe hirizi na dawa zao hadharani. Mtafiti Mwingereza, Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka hiyo, aliandika habari zao. Waliofanya ukaguzi walikuwa vijana. Waliosakamwa zaidi walikuwa wazee. Kila jamii inayosaka wachawi inaishia pale pale: kwa bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni.

Shika jambo hilo. Tutalirudia.

"WEKA ILE YA MAITI"

Usiku wa pili, baada ya ugali, maharage na samaki wa Ziwa Rukwa, shemeji yangu, mdogo wake mwenzangu, alichomeka flashi kwenye televisheni. Ana kibanda chake hapo Majengo cha kuuza vocha na kuwaingizia watu muvi kwenye flashi na simu, kwa hiyo nyumba ile filamu haziishi. Akauliza tunataka nini. Mwenzangu, ambaye Dar ukimwambia filamu anataka taarifa ya habari, akaruka kama mtoto: "Weka ile ya maiti!"

Filamu yenyewe inaitwa Mr. Vampire. Ilitoka Hong Kong mwaka 1985, ikaongozwa na Ricky Lau na kutayarishwa na Sammo Hung, yule bonge wa filamu za kung fu. Mwenzangu aliiona mara ya kwanza miaka ya 1990 kwenye banda la video hapo hapo mtaani. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, na kufika kwake pembezoni kulichukua muda zaidi, kwa hiyo kwa watoto wa Majengo sinema ilikuwa banda: kuta za mabanzi, mabenchi, jenereta ikinguruma nje, na kanda ya VHS iliyochezwa mpaka rangi zimekwisha. Tafsiri hakuna. Sisi wa Dar baadaye tulikuwa na Lufufu, aliyekuwa akitusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hata Titanic. Wao walikuwa na kaka yeyote mwenye sauti kubwa.

Maiti wa humo si wale wa Ulaya wenye koti jeusi na meno ya kung'aa. Wachina wanawaita kwa jina lenye maana ya maiti iliyokakamaa. Kwa sababu imekakamaa haiwezi kupiga hatua, basi inaruka: miguu pamoja, mikono mbele, imevaa joho la ofisa wa enzi za wafalme. Tup, tup, tup. Ukiitazama unataka kucheka. Ikigeuka upande wako hutaki tena.

Na ina masharti, ambayo ndiyo yanawashika watoto. Maiti haikuoni, inasikia pumzi yako. Ukizuia pumzi, inakupita. Ukiibandika usoni karatasi ya njano iliyoandikwa maneno ya dawa, inasimama hapo hapo. Sumu yake inatolewa kwa mchele mbichi, ule wa kunata. Mwenzangu anasema kwa miaka miwili hakuna mtoto wa mtaa wao aliyepita makaburini jioni bila kuzuia pumzi. Na karatasi za njano walizichora wenyewe kutoka kwenye daftari, wakazibandika kwenye paji la uso wa mdogo wake kwa ugali. Shemeji alithibitisha. "Mimi ndiye nilikuwa maiti siku zote. Hawakunipa zamu hata moja."

KWA NINI INACHEKESHA MAJENGO?

Hadithi ni hivi. Tajiri mmoja anataka kufukua kaburi la baba yake na kumzika upya, apate bahati. Anamwita fundi wa mambo hayo, Mwalimu Kau, mwenye nyusi zilizoungana katikati. Aliyecheza ni Lam Ching-ying, na nafasi hiyo ilimganda mpaka alipofariki mwaka 1997. Kaburi linafunguliwa baada ya miaka 20, na maiti haijaoza. Kwa nini? Kwa sababu marehemu alikuwa amempora mtaalamu mwingine kile kiwanja cha kaburi, na mwenye kiwanja akalipiza kwa kuwapa maelekezo ya maziko yenye mtego ndani, zege juu.

Hapo sebule nzima ililipuka. Mgogoro wa kiwanja! Nani hapa Tanzania hajui kesi ya kiwanja?

Halafu wanafunzi wawili wa mwalimu wanaambiwa walipige jeneza mistari ya wino kwa uzi, ule ule wanaotumia mafundi seremala, ili maiti isitoke. Wanapiga juu, wanapiga pembeni, chini wanasahau. Maiti inatoka. "Mafundi wa siku hizi hao," alisema mama mkwe. "Umewalipa advansi."

Mmoja anaparurwa na maiti, anatakiwa mchele wa kunata. Anatumwa mtu dukani, na muuzaji anachanganya na mchele wa kawaida ili apate faida. Mchele mbovu, dawa haifanyi kazi. Wifi yangu alipiga kelele mpaka majirani wakasikia: "Kama mnavyouziwa huko Dar mkiambiwa ni wa Kyela!"

Na yule mwanafunzi mwingine, mzuri wa sura? Anapendwa na mzuka wa kike. Anakwenda kwake usiku, anarudi asubuhi amechoka, shingoni ana alama, na akiulizwa anajiuma-uma. "Alikuwa semina," alisema wifi, na mimi nikamtazama mwenzangu kwa pembe ya jicho, kwa usalama tu. Hadithi za jini mahaba tunazo, kwa hiyo hapo hakuna aliyehitaji tafsiri. Lakini mwisho wa mzuka yule unagusa: mwalimu ana uwezo wa kummaliza, na akiona kwamba mapenzi yake ni ya kweli anamwacha aende zake.

Sasa ona, msomaji wangu. Katika filamu nzima hakuna hata mmoja anayeuliza swali letu la kila msiba: "Nani kamroga?" Maiti ile haikutumwa na bibi wa jirani. Imeletwa na ulafi wa tajiri, kisasi cha kiwanja, uzembe wa vijana wawili na tamaa ya muuza mchele. Ukisaka wa kulaumiwa unawakuta watu wa kawaida wakifanya makosa ya kawaida. Ndiyo maana inaweza kuchekwa na chumba kizima, wazee na watoto, bila mtu kuinamisha kichwa. Kwenye hadithi za ungo lazima awepo mtu wa kunyooshewa kidole. Hapa hofu ina dawa, dawa ina masharti, na hakuna anayepoteza nyumba yake.

Hilo si jambo dogo Rukwa. Februari 2013 katika vijiji vya mkoa huu watu wenye ualbino walivamiwa na kukatwa viungo, mmoja wao mtoto wa miaka 10, kwa sababu kuna waliomwamini mganga. Miaka minne kabla yake, Januari 2009, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, ambaye ni mtoto wa upande huu huu, alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi kwa sababu ya mauaji kama hayo, ambayo mengi yalikuwa yakitokea Kanda ya Ziwa. Huko Kanda ya Ziwa nako bibi vizee wameuawa kwa sababu ya rangi ya macho. Kwa hiyo tunapomwambia mtu "nyie wa Sumbawanga wachawi bwana, ha ha ha," tunarusha jiwe dogo kwenye rundo ambalo tayari lina damu. Mwenzangu alikuwa akijibu "Mbeya" kwa sababu hiyo. Alikuwa anamkinga mama yake.

NAULI YA MAREHEMU

Nimeacha kwa makusudi sehemu ya mwanzo wa filamu, kwa sababu ndiyo iliyonikaa moyoni.

Mwanzoni anafika mtaalamu mwenye miwani na msururu wa maiti nyuma yake, kila mmoja na karatasi usoni, wakiruka kwa mpangilio. Anawaita wateja. Kazi yake ni kuwasafirisha waliofia mbali warudi kuzikwa kwao. Hiyo si akili ya mtunzi peke yake. Kusini mwa China, upande wa magharibi wa Hunan, kuna simulizi za zamani za watu waliokuwa wakiongoza maiti kwa miguu, usiku, kengele mkononi, mpaka kijiji cha marehemu.

Sebule ilinyamaza. Sikuelewa mpaka nilipotazama picha ukutani. Baba mkwe, ambaye sikumkuta, alifia Dar akiwa kwenye matibabu, miaka ile kipande cha Tunduma bado ni vumbi. Michango ilipitishwa, gari likakodiwa, na mama huyu alikaa siku mbili ubavuni mwa jeneza akilizuia lisigonge kila gurudumu lilipoingia shimoni. Wewe na mimi tunajua mambo hayo. Hakuna kabila hapa nchini lisilojua bei ya kumrudisha mtu kwao.

Vijana walitazama chini. Shemeji alishika rimoti, nadhani alitaka kurusha mbele. Ndipo mama mkwe akasema, macho yakiwa bado kwenye wale maiti wanaoruka:

"Afadhali hawa wanakwenda wenyewe. Baba yenu tulimkodishia gari zima."

Kimya kidogo. Halafu wifi akaguna, shemeji akashindwa, na nyumba nzima ikacheka mpaka machozi, mama mwenyewe akiwa wa kwanza kujifuta kwa ncha ya kanga. Mwenzangu alicheka huku kaishika mkono wangu kwa nguvu, mbele ya mama yake, jambo ambalo halifanywi. Hakuna aliyesema kitu.

Ukinibana kwa nini filamu ya mwaka 1985, yenye damu ya rangi na wanasesere, bado inaingizwa kwenye flashi Majengo, nitakujibu kwa sentensi ya yule mama. Kifo ni kizito mno kubebwa kwa kilio peke yake. Anayekuchekesha nacho bila kumsingizia mtu, kakusaidia kubeba. Nadhani hiyo ndiyo maana halisi ya kutupa wanga.

MBEZI, SAA NNE USIKU

Tulirudi baada ya siku sita. Kituo cha Magufuli pale Mbezi, dereva wa bajaji akapakia mabegi na gunia la maharage, akauliza kama ilivyo ada: "Mmetoka wapi, bosi?"

Nikasubiri kusikia "Mbeya."

"Sumbawanga," alisema mwenzangu. "Majengo."

Dereva akageuka mzima. "Eeh! Ungo mmeuacha wapi?"

"Ulipata pancha Makambako. Ikabidi tupande basi."

Mpaka tunafika Temeke dereva alikuwa bado anacheka, na kabla hatujashuka alikuwa anauliza bei ya maharage kwa gunia.

Mama mkubwa nilimpelekea flashi. Alianza kwa kukataa, akaishia kuitazama yote. Kwenye mchele alicheka. Kwenye wale wateja wa safari alinyamaza, kisha akauliza mkwe wake aliishije zile siku mbili njiani. Nikamsimulia. Juzi akaniuliza kama Sumbawanga kuna baridi sana, maana hana sweta la maana. Mimi nimelichukua hilo kuwa jibu.

UKITAKA KWENDA NA MWENZI WAKO

• Nenda kati ya Juni na Agosti kama unataka barabara za vijijini ziwe kavu. Beba nguo za baridi kweli, si kijishali cha harusini.

• Usiishie mjini. Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, yana urefu wa zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Ukifika Kasanga, Ziwa Tanganyika lipo mbele yako na migebuka iko sokoni.

• Ukwenikwao kuna salamu zake. Muulize mwenzako mapema akufundishe, usije ukasimama na mikono hewani kama mimi.

• Ile filamu itazameni pamoja, taa zimezimwa. Utajua mengi kuhusu mtu kwa kuangalia anacheka wapi na ananyamaza wapi.

• Na ukiulizwa umetoka wapi, taja jina lote.